Mstaafu Hana Chaki ya Kuweka Chini

Kila mara walimu wa nchi hii wanapogoma, tunasikia lawama ile ile kutoka serikalini, na wakati mwingine, ndugu zangu, kutoka mimbarini pia: kwamba ualimu ni wito, na mwenye wito hadai ujira. Kauli hiyo imefunika ukweli kwa muda mrefu mno. Mara nyingi walimu wa Kenya wamegoma kwa sababu Serikali ilitia sahihi kisha ikaikana sahihi yake. Na walioumia kuliko wote si wale tuwaonao barabarani wakiimba na kupuliza filimbi. Ni wazee waliokwisha kuondoka darasani.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mnamo Oktoba 1997, Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT), chini ya Katibu Mkuu wake Ambrose Adeya Adongo, kiliwaita walimu wagome. Nchi ilikuwa katika joto la madai ya mageuzi ya katiba, na uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni. Serikali ikakubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu tano kuanzia Julai mwaka huo, na makubaliano yakachapishwa kuwa Tangazo la Kisheria Nambari 534. Walimu wakarudi kazini. Kura zikapigwa Desemba 29. Awamu ya kwanza ikalipwa; zilizobaki zikawa njoo kesho, njoo kesho. Walimu wakagoma tena Oktoba 1998, wakarejea mikono mitupu. Wakagoma tena mwaka 2002. Ni mwaka 2003 tu, baada ya serikali kubadilika, ndipo ilipokubaliwa kwamba awamu zilizosalia zikamilishwe.

Wengi wetu tulidhani mambo yalikwisha hapo. Hayakwisha. Pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara. Mwalimu aliyestaafu baada ya Julai 1997, kabla nyongeza haijakamilika, alikokotolewa kwa mshahara mdogo ilhali sheria ilikwisha kumpa mkubwa. Akapata kiinua mgongo kidogo na pensheni ndogo, si kwa mwaka mmoja, bali kwa maisha yake yote yaliyosalia. Aliyenyimwa mshahara wake alinyimwa na uzee wake pia.

Wazee hao wangefanya nini? Mwalimu aliye kazini akiweka chaki chini, nchi nzima humsikia: wazazi hupiga kelele, na waziri huitisha mkutano. Mstaafu hana chaki ya kuweka chini. Akilala njaa kwake Bahati au Molo, hakuna shule inayofungwa. Kwa hiyo walikimbilia sheria. Mwaka 2008, katika Mahakama Kuu ya hapa Nakuru, Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba wastaafu hao, wapatao 52,000, walistahili malipo kwa viwango vya makubaliano ya 1997. Hukumu ilitoka, fedha hazikutoka. Malipo yalipoanza yalikuja kwa mafungu, baada ya miaka ya kubisha hodi ofisini, na wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Sisi wa Bonde la Ufa la kati tunajua uchungu wa kungoja huko kuliko wengine. Machafuko ya 1992, ya Njoro mnamo Januari 1998, na yale yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yaliwang'oa watu makwao, walimu wakiwamo. Nyumba ilipochomwa, haikuungua samani tu. Ziliungua barua ya kuajiriwa, hati za mishahara na kila karatasi ambayo mzee angeombwa kuionyesha siku ya kudai haki yake. Mzee wa namna hiyo anapoambiwa na karani aende alete nyaraka, aende kuzitoa wapi?

Wapo wanaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba mgomo humwumiza mtoto wa maskini. Ni kweli. Mwaka 2015 walimu waligoma kwa wiki tano, na mtoto wa mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha hakuwa na mwalimu mwingine wa kumfundisha nyumbani. Lakini tupime kwa mizani moja. Mgomo huo ulizuka kwa kuwa mahakama ilikuwa imewapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, na Serikali haikuilipa. Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaibatilisha nyongeza hiyo, na walimu wakatarajiwa kuukubali uamuzi mara moja. Basi kwa nini hukumu inayomwangukia mwalimu itekelezwe siku ile ile, na ile ya 2008 iliyoiangukia Serikali ingoje hadi wadai waanze kufa? Utawala wa sheria usiomfunga mwenye nguvu ni utawala wa mwenye nguvu tu.

Katiba ya 2010 tuliyoipigania inamhakikishia mfanyakazi haki ya kugoma katika kifungu cha 41. Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Dola. Haki ya kwanza ina chama cha kuitetea. Haki ya pili itatetewa na nani, kama si sisi?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, deni lolote lililosalia la wastaafu hao lilipwe, na aliyefariki alipiwe kwa warithi wake bila kuzungushwa. Pili, mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021, ambao watumishi wa umma, walimu wakiwamo, huuchangia kutoka mishahara yao, ulindwe: mchango wa Serikali uingie kwa wakati, na hesabu zake ziwekwe wazi. Tusipokesha, wanaofundisha leo watakuwa wadai wa kesho. Tatu, kila kanisa lenye shule lililoifadhili liwatafute wastaafu waliofundisha humo, liwaandike majina, liwasaidie kukusanya nyaraka, na liwasindikize ofisini. Mzee aendaye peke yake huambiwa arudi wiki ijayo. Aendaye na mchungaji wake na wanafunzi wake wa zamani husikilizwa.

Asituambie mtu kwamba hiyo ni siasa na kanisa likae kando. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, alipokuwa Nakuru, hakukaa kando wakati wa machafuko ya miaka ya 1990. Torati inaagiza kwamba kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, na Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema kwamba ujira uliozuiwa hulia, na kilio chake humfikia Mungu. Jua la wazee hawa limekaribia kutua. Walitufundisha kuandika, tuiandike sasa hati yao ya madai. Dawa ya deni ni kulipa.