Siku Mbili London Bila Deni

Askari aliyemaliza mafunzo Uingereza, akabakiwa na siku mbili kabla ya kurejea, hutamani kuiona London. Ni haki yake. Lakini karo ya watoto isibaki huko.

Kwanza, tenga fedha za nyumbani, ndipo ulipie chumba na nauli. Mabasi ya mji huo hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Huna budi kuwa na kadi.

Siku ya kwanza, anzia Kasri la Buckingham. Gwaride la kupokezana walinzi halina kiingilio, ila si la kila siku, ulizia mapema. Kisha katiza bustani ya St James's kwa miguu hadi Bunge na saa ya Big Ben, umalizie National Gallery, nyumba ya picha iliyopo Trafalgar Square.

Siku ya pili, nenda South Kensington. Makumbusho matatu makubwa, ya viumbe, ya sayansi na ya sanaa, yamekaribiana. Yote huingiwa bure, kama ile nyumba ya picha. Maonyesho maalumu ndiyo hulipiwa.

Mama watoto atayafurahia masimulizi yako zaidi akijua kwamba karo imekwisha kulipwa.