Zawadi za Mahafali Zipimwe Upya

Katika mahafali ya shule za mji wa Babati, kama ilivyo katika miji mingine mingi nchini, jambo linalongojwa kwa hamu kuliko risala na hotuba ya mgeni rasmi ni kuitwa kwa majina ya walioshika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika masomo. Wanapanda jukwaani, wanapeana mkono na mgeni, wanapokea cheti, kamusi, begi au bahasha, na mama zao wanapiga vigelegele. Waliosalia, ambao ndio wengi, hupiga makofi. Desturi hii ni kongwe na ina heri yake. Hata hivyo inafaa iulizwe ni kitu gani hasa kinachotuzwa pale jukwaani.

Wapo wanaotaka zawadi za aina hiyo zifutwe kabisa, na hoja yao si ya kubezwa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, aliikosoa elimu iliyojengwa kwa ajili ya wachache, akataka mitihani ipunguziwe utukufu iliyokuwa nao kwa sababu ilipima uwezo wa kukumbuka mambo na kuacha kando moyo wa kuwatumikia wengine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasisitiza kwamba mtihani wa kuandika usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Na mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa, likieleza kuwa haikuwa na tija. Ikiwa Baraza limeacha, wanauliza ndugu hao, shule ya kata inaendelea kwa sababu gani?

Sababu ipo. Orodha ya Baraza iliiweka shule ya bweni inayochagua wanafunzi wake kwenye mizani moja na shule ya kata inayopokea kila mtoto anayeletwa mlangoni, na hatimaye ikawa tangazo la biashara kwa wenye shule. Mwalimu wa darasa hayumo katika hali hiyo. Yeye anamjua mwanafunzi, anajua alikotoka na alipofika, na sifa anayoitoa mbele ya wazazi ina uzito ambao orodha ya Dar es Salaam haikuwa nao.

Tena, zawadi zina nguvu. Mwaka 2001, katika wilaya ya Busia nchini Kenya, ulianzishwa mpango wa kuwafadhili wasichana wa darasa la sita waliofanya vizuri katika mtihani, yaani asilimia 15 ya juu miongoni mwa wasichana wa shule zilizoshiriki. Watafiti waliofuatilia waliona alama zikipanda, hata za wasichana waliokuwa nyuma na wasiokuwa na tumaini kubwa la kushinda. Walimu nao wakahudhuria kazini zaidi. Katika wilaya jirani ya Teso mafanikio hayo hayakuonekana wazi, jambo linaloonya kwamba dawa moja haitibu kila mahali. Lakini kudai kwamba tuzo hazina maana yoyote ni kufumba macho.

Ni kwa sababu ya nguvu hiyo ndiyo maana lazima ziogopwe kidogo. Katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, shule zilipangwa hadharani kwa nafasi, kitaifa na kiwilaya. Utafiti uliochambua matokeo ya shule za msingi nchini kuanzia 2011 hadi 2016 ulionyesha kuwa shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilijitahidi na kuinua ufaulu. Ulionyesha pia kuwa mpango huo ulizifanya shule kuwaengua baadhi ya wanafunzi katika mwaka wa mwisho. Neno "kuengua" ni la upole mno. Maana yake ni kwamba mtoto aliyedhaniwa ataharibu wastani hakufika kwenye chumba cha mtihani. Hakuna mwalimu aliyesomea ualimu ili afanye kazi hiyo, na kwa hakika wengi walioifanya hawakuwa watu wabaya. Walionyeshwa shabaha, wakailenga.

Sasa litazamwe darasa la kawaida la Babati. Mji huu uko penye njia panda, ambapo barabara ya Arusha kwenda Dodoma inakutana na ile ya Singida. Katika dawati moja huketi mtoto wa mfanyabiashara au mtumishi, mwenye taa ya umeme mezani na mwalimu wa tuisheni jioni, pamoja na mtoto wa mkulima wa mahindi na mbaazi, au wa mfugaji, ambaye akitoka shule anangojwa na ndoo ya maji na ng'ombe wa kurudisha zizini. Huyu wa pili pengine nyumbani huzungumza Kiiraqw, Kigorowa au Kidatoga. Kiswahili alikizoea darasani, na alipofika Kidato cha Kwanza akatakiwa asome kwa Kiingereza. Tangu Serikali ilipoondoa ada katika shule zake za sekondari hadi Kidato cha Nne, mwaka 2016, watoto wa namna hii wameingia kwa wingi. Lango limefunguliwa kwa wote, lakini jukwaa la mahafali limebaki la watatu wale wale.

Mwanafunzi aliyetoka alama 78 akafika 82 anastahili pongezi. Aliyetoka 19 akafika 47, kwa mwanga wa kibatari, amefanya kazi kubwa zaidi, na katika mahafali mengi jina lake halitajwi. Zawadi kubwa kuliko zote ingefaa iwe yake. Mwenye kuogopa kwamba vijana watajifelisha makusudi ili baadaye waonekane wamepanda akumbuke kuwa anayeshindwa Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hurudia kidato hicho. Hakuna mwenye akili timamu atakayenunua begi kwa bei ya mwaka mzima.

Wala aliye wa kwanza asinyang'anywe haki yake. Ila tuzo yake ingekuwa na maana zaidi kama ingemfungulia njia, kama ufanyavyo ufadhili wa Samia, ulioanzishwa mwaka 2022 kuwasomesha chuo kikuu wahitimu wa Kidato cha Sita waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi. Kijana wa Babati akipangiwa Kidato cha Tano katika shule ya bweni ya mkoa wa mbali, kinachomsumbua mzazi ni nauli, godoro na sare, na kikombe cha rangi ya dhahabu hakilipi hata kimoja. Kamati za mahafali na wageni rasmi wanaoahidi vitu jukwaani wanaweza kulifikiria hilo kabla ya kwenda dukani.

Kwa walimu wa taaluma ombi ni dogo. Alama za Kidato cha Pili zimo katika majalada yao, na za mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne pia zimo. Orodha itakayopelekwa kwa mkuu wa shule kabla ya mahafali yajayo iwe na safu hizo mbili, na majina yapangwe pia kwa ukubwa wa tofauti iliyo kati yake.