Nyama Ni Ile Ile, Badilisheni Mchuzi!

Mwezi huu tuingie jikoni, maana huko nako ndoa changa zinayumba na wenyewe tunakaa kimya. Si kwamba chakula hakuna, la hasha! Ni ile kauli moja tu mezani: "Kwetu hatupiki hivi." Ukishaitamka, mwenzako hasikii tena habari ya chumvi wala pilipili. Anasikia kwamba analinganishwa na mama mkwe, na ameshindwa.

Chukulia bwana wa Kwamsisi, kule Tanga, ameoa binti wa Dodoma, wote wanafanya kazi Dar. Bwana katokea mkoa wa minazi na machungwa. Mboga bila tui anaiona imepikwa nusu. Binti kakulia kwenye karanga, kwao hata mlenda unaungwa nazo. Wakifika mjini wote wanaangukia kwenye nyanya na vitunguu, Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna anayefurahi, na nyanya zikipanda bei, mfuko nao unalia!

Dawa yake ni nyama ya kunyambua. Jumamosi nunueni kilo 1 ya nyama yenye nyuzi ndefu, kama ya kidari. Chemsheni kwa moto mdogo na chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu, saa 2 hadi 3, mpaka uma ukiichoma inaachia yenyewe. Inyambueni ingali vuguvugu (baba, shika uma, hii si kazi ya mama peke yake!). Supu msimwage. Gaweni mafungu matatu, na kila fungu lipate mchuzi wake:

1. Tui la nazi. Kaanga kitunguu, swaumu na bizari, tia nyama na supu kidogo, kisha kikombe 1 cha tui zito. Koroga taratibu na usiache lichemke kwa fujo, litakatika. Malizia na ndimu baada ya kuepua.

2. Karanga. Vijiko 3 vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, vichanganye na supu ya vuguvugu mpaka uji ulainike, ndipo umimine kwenye nyama. Moto mdogo, mwiko usitoke mkononi, maana karanga hushika chini haraka.

3. Ukwaju au chungwa. Loweka ukwaju kiasi cha ngumi ndogo kwenye kikombe 1 cha maji ya moto kwa dakika 15, kamua, chuja, tia sukari kijiko 1 na pilipili. Ukipita Muheza msimu wa machungwa, beba! Juisi ya machungwa 3 ichemshe mpaka ibaki nusu, tia pilipili manga na swaumu, geuzia nyama humo. Tamu, chachu, kali, vyote kwa pamoja.

Angalizo: nyama iliyopikwa haikai kwenye friji zaidi ya siku 3 hadi 4. Umeme wenyewe mnaujua! Kama hamna friji, pikeni ya kuliwa siku hiyo hiyo. Mchuzi wa nazi upikwe siku ya kuliwa, hauchelewi kuchacha.

Na msidhani ubishi huu ni wetu peke yetu. Marekani, jimbo la North Carolina, watu wa mashariki wanaitia nyama ya nguruwe ya kunyambua siki na pilipili tu, wa magharibi wanaongeza nyanya. Wamebishana miaka na miaka, kila mmoja anadai ya kwao ndiyo yenyewe.

Sasa huyo anayeng'ang'ania "asili ya kwetu" ajue hili. Nyanya, pilipili na karanga zote zilitoka bara la Amerika. Chungwa lilitoka Asia. Kwenye orodha yetu, ukwaju ndio Mwafrika halisi! Bibi zetu walipokea vitu vya wageni, wakavipika, vikawa vya nyumbani. Nanyi mnaweza.

Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe moja: anayesema "kwetu" aingie jikoni aonyeshe. Bwana akune nazi, binti atwange karanga, na kila mmoja aonje cha mwenzake bila kukunja uso. Kuna siku tui na karanga vitakutana kwenye sufuria moja, na mtashangaa vinavyopatana. Hapo mtoto wenu atakuwa na cha kusema akikua: "Kwetu tunapika hivi." Na hatakuwa anamsema mtu!

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri