Dhahabu ya Wazee wa Havana

Twasema ya kale ni dhahabu, ilhali twaiacha ardhini. Mnamo Machi 1996, wanamuziki wakongwe wa Kuba walikusanyika studioni mjini Havana. Ibrahim Ferrer alikuwa akitafuta riziki kwa kung'arisha viatu. Rubén González hakuwa na piano. Compay Segundo alikuwa na umri wa miaka 88. Kwa siku chache tu walirekodi albamu ya Buena Vista Social Club, iliyotoka 1997 na kutunukiwa Grammy mwaka uliofuata. Watatu hao walifariki kati ya 2003 na 2005, dunia ikiwa imekwisha kuwasikia. Je, ni wangapi huzikwa na nyimbo zao? Walimu na wanafunzi, msingoje tuzo: mwalikeni darasani mpiga nyatiti au zumari wa kijijini kwenu angali hai.