Tunamkabidhi Nani Mgonjwa Wetu?

  

Juma hili tuichukue familia moja ya mfano. Tuseme inaishi Nyamahanga, mkoani Kagera, katika pande zile za Biharamulo na Ngara. Kijana wao, mwenye miaka ishirini na ushei, amerudi kutoka machimbo ya dhahabu akiwa si yule waliyemjua. Usiku halali. Anazungumza na watu wasioonekana. Anamtuhumu mama yake mzazi kwamba anamtilia sumu katika chakula, na kaka zake wamekwisha kumfunga kamba mara mbili. Jirani mmoja amemtaja mganga wa kijiji cha pili, mwingine amemtaja shehe anayesoma ruqya, na wa tatu amesema apelekwe hospitali.

Wazee wanakaa kikao, na swali linaloulizwa ni moja tu: apelekwe wapi? Sisi tunaona kwamba liko swali linalostahiki kutangulia, nalo aghalabu haliulizwi. Atakayempokea huko ni nani? Amesomea nini na kwa muda gani? Amepewa ruhusa na nani, na akikosea atamjibu nani?

Swali hili lina uzito kwa kila mgonjwa, lakini kwa mgonjwa wa akili lina uzito zaidi. Aliyevunjika mguu anaweza kupiga kelele akiumizwa, anaweza kukataa, anaweza kuondoka akatafute tabibu mwingine. Aliyepotewa na akili hawezi kupima anayemtibu. Hata akilalamika, maneno yake hayasadikiwi. Upimaji huo umewaangukia walii wake, yaani wazazi wake na ndugu zake. Yeye ni amana mikononi mwao, na amana haikabidhiwi mtu asiyejulikana.

Uislamu haukuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mtu anayejitia katika utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, basi dhamana ya madhara yatakayotokea iko juu yake. Wanachuoni wamelichukua fundisho hili kuwa msingi wa sheria: tabibu mjuzi aliyefanya kazi yake ipasavyo hatozwi fidia kwa lile alilolikadiria Mwenyezi Mungu, ama asiye mjuzi hana udhuru, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Wazee wetu wa Kiislamu walilitekeleza hilo kwa vitendo. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, habari zilimfikia Khalifa al-Muqtadir huko Baghdad kwamba mgonjwa amefariki kwa kosa la tabibu. Aliamuru kwamba asitibu mtu yeyote mpaka kwanza atahiniwe na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit, na apewe idhini. Wanahistoria wanataja kuwa waliotahiniwa mjini humo walizidi 860. Inasimuliwa kwamba miongoni mwao alikuja mzee mmoja mwenye haiba, akakiri kwa Sinan kuwa hajui kusoma wala kuandika, na utabibu ndio riziki ya wanawe. Sinan alimruhusu kwa sharti kwamba asimpe mgonjwa kitu asichokijua, wala asiguse maradhi mazito. Yaani alimwekea mpaka. Elimu ya kweli ina mambo mawili: kujua unachokijua, na kujua mahali kinapokomea.

Sasa turejee kwa familia yetu. Wakimpeleka kijana wao zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, watakutana na nani? Sisi Waswahili tuna mazoea ya kumwita kila mwenye koti jeupe "daktari", na mazoea haya yanatuficha mengi, kwa kuwa waliovaa makoti hayo wamepita njia tofauti.

Mara nyingi wa kwanza atakuwa afisa tabibu, aliyesomea stashahada ya miaka mitatu katika chuo cha afya. Huyu hakubobea katika maradhi ya akili, lakini kazi yake ya kwanza ni kubwa. Si kila anayeweweseka ana wazimu. Malaria iliyopanda kichwani, upungufu wa sukari mwilini, maambukizi ya ubongo, pombe na bangi, vyote vyaweza kumfanya mtu aseme yasiyo na maana. Mkoa wa Kagera unaijua malaria vizuri. Afisa tabibu anayepima damu kabla ya kutamka neno "kichaa" amekwisha kuokoa maisha ya wengi.

Wa pili, na pengine ndiye watakayekuwa naye kwa miaka, ni muuguzi wa afya ya akili. Huyu ni muuguzi kamili aliyeongeza masomo ya maradhi ya akili, na Mirembe ya Dodoma ni miongoni mwa mahali palipowaandaa wauguzi wa namna hii kwa miaka mingi. Mirembe ilianzishwa katika miaka ya 1920, enzi za Waingereza, na katika zama zile dhana ilikuwa moja: mgonjwa aondolewe kwao, apelekwe mbali, afungiwe. Kuanzia miaka ya 1980 nchi yetu ilifanya juhudi, kwa kuanzia mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kuingiza tiba ya akili katika hospitali za kawaida ili mgonjwa atibiwe karibu na watu wake. Muuguzi wa afya ya akili ndiye aliyeubeba mzigo huo. Katika wilaya nyingi yeye ndiye mratibu wa huduma hizi, ndiye anayeendesha kliniki, anayechoma sindano ya kila mwezi, na anayeulizia mgonjwa aliyekosa kufika.

Baadhi ya ndugu zetu wanaposikia kwamba aliyemhudumia mtoto wao ni muuguzi, si daktari, hujiona wamepunjwa. Mama anasema, "Daktari, mwanangu atapona?" Naye anajibiwa, "Mimi ni muuguzi, mama, lakini nitakueleza ninalolijua, na nisilolijua nitakupeleka kwa anayelijua." Jibu hilo lisimvunje moyo. Ndilo jibu la mtu anayeujua mpaka wake.

Wa tatu ni daktari mwenye shahada ya udaktari, aliyesoma chuo kikuu miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Juu yake yuko daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye baada ya hayo yote amesoma miaka mitatu mingine, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mabingwa hawa ni wachache mno. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na mabingwa wa akili hawafikii hata mmoja kwa kila watu laki moja. Anayemtafuta bingwa kutoka Nyamahanga aghalabu ataelekezwa kwa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Kwa hiyo cheo cha aliye mbele yetu kisitushughulishe sana. Tumuulize kama anajua ni lini atupe rufaa.

Wapo na wengine tusiowazoea. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu aliousomea, wala si kazi yake kuandika dawa. Mtaalamu wa tiba kwa kazi, anayefundishwa kwa mfano KCMC mjini Moshi, humrudisha mgonjwa hatua kwa hatua katika kuoga, kulima, kushona na kuuza. Ofisa ustawi wa jamii hutazama nyumba: nani atamlisha, nani atampa nauli ya kliniki, je, mkewe na watoto wako salama? Katika hospitali ya wilaya huenda wasiwepo wote, lakini ni vyema familia ijue kwamba wapo duniani na iwaulizie.

Hawa wote wana kitu kimoja kinachowaunganisha. Kila fani ina njia yake ya usajili na uwajibikaji. Daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi yuko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mtu aliyesajiliwa anaweza kuitwa, kuhojiwa na kunyang'anywa leseni. Hata waganga wa tiba asili wana sheria yao, iliyopitishwa mwaka 2002, na baraza lao la usajili. Basi anayesema "mimi sihitaji cheti, nimeoteshwa", anatuambia kwa kinywa chake kwamba hakuna wa kumuuliza akikosea.

Hapa lazima tuseme kuhusu wasomaji wa ruqya, maana tukinyamaza tutakuwa tumewaogopa watu. Kisomo ni haki ya Muislamu mgonjwa. Qur'ani ni shifaa na rehema, na dua ya mama juu ya kichwa cha mwanawe haina badala. Lakini kusoma Qur'ani ni elimu moja, na kutambua kifafa, sonona au skizofrenia ni elimu nyingine. Shehe mwema anasoma, anaomba, kisha anasema: mpelekeni na hospitali. Ama anayempiga mgonjwa kwa madai kwamba anampiga jini, anayemfunga minyororo, anayemnyima chakula, anayejifungia chumbani na mwanamke asiye maharimu yake, au anayeamuru dawa za hospitali ziachwe, huyo amevuka mpaka wa elimu yake. Ile hadithi ya dhamana inamhusu kama inavyomhusu tabibu yeyote. Mwenye kifafa akikatishiwa dawa ghafla aweza kupatwa na degedege lisilokatika, akafa. Na mwenye ugonjwa wa akili, kadiri anavyochelewa kutibiwa, ndivyo anavyozidi kuwa mgumu kupona vizuri.

Wala tusidhani kwamba kumpeleka mgonjwa kwa matabibu ni kuiga Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza huzuni, hofu, ghadhabu na wasiwasi kama maradhi yenye tiba. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyofunguliwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili na iliendeshwa kwa mali ya wakfu. Hiyo ni mirathi yetu, ijapokuwa tumeisahau.

Basi familia inapofika mbele ya mtu atakayemtibu mgonjwa wao, iulize kwa adabu na bila woga. Wewe ni nani hapa, na umesomea nini? Unadhani mgonjwa wetu ana nini, na umepimaje? Dawa hii inaitwaje, inafanya nini, na madhara yake ni yapi? Baadhi ya dawa hizi hukaza shingo na taya au kutetemesha mikono, na familia isiyoambiwa mapema huzitupa kwa kudhani mwana wao amerogwa upya. Ikiwa mgonjwa ni mwanamke, je, kuna muuguzi wa kike, na je, mama au dada yake ataruhusiwa kuwa naye? Ramadhani ikifika, dawa zitamezwaje, au mgonjwa huyu ana ruhusa ya kula? Na hali ikizidi, tutapelekwa wapi? Mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa maswali haya. Qur'ani yenyewe imetuelekeza kuwauliza wenye elimu tusipojua, na kuuliza si utovu wa heshima.

Linabaki jambo moja linalotuhusu sisi jamii. Imam Ghazali aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi ya kutosheleza, akawalaumu watu wa mji walioiacha fani hiyo na kukimbilia nyingine. Ni wangapi miongoni mwetu tumemwambia binti yetu aliyefaulu biolojia kwamba akawe muuguzi wa afya ya akili? Wengi tunaogopa hata kulitaja jina la hospitali hiyo, tukidhani wazimu unaambukiza. Kisha siku ya shida tunauliza kwa nini hapana Muislamu, wala mwanamke, wa kumhudumia mtoto wetu kwa staha. Misikiti yetu inakusanya michango ya mabati na mazulia, na hilo ni jema. Mchango wa ada ya mwanafunzi mmoja wa uuguzi, arudi kuhudumia Biharamulo au Ngara, nao ni sadaka yenye kuendelea.

Kijana wa familia yetu ya mfano hatujui atapona kwa kiasi gani, kwani shifaa iko kwa Allah peke yake. Lakini Allah ameumba sababu, na miongoni mwa sababu ni mtu aliyekaa darasani miaka, akatahiniwa, akaandikwa jina lake katika daftari, na akaapa kutodhuru. Kamba ifunguliwe, kijana aogeshwe, avishwe nguo safi, na kaka zake wamsindikize kesho asubuhi kwa mtu wa namna hiyo.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowalea, na awazidishie elimu na huruma wanaowatibu. Amin.