KILWA: FEDHA ZA MGENI ZISIISHIE KWENYE MASHUA

Safari ya siku moja ya Kilwa huuzwa kwa jina la magofu. Mgeni hufika Kilwa Masoko, hukata kibali, huvuka kwa mashua hadi Kisiwani, akaonyeshwa Msikiti Mkuu, Gereza na Husuni Kubwa, kisha akarudishwa. Ratiba isiyomfikisha sokoni humlipa mwenye chombo na mwongozaji tu. Muuza korosho, mikeka na pweza habakiwi na kitu.

Hilo ni kosa la kibiashara, tena katika mji uliotajirika kwa kusimama kati ya dhahabu ya Sofala na wanunuzi wa ng'ambo, ukapiga hata sarafu zake. Moja iliokotwa Great Zimbabwe.

Kisingizio cha ubovu wa njia kimepungua tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2014 UNESCO nayo iliyaondoa magofu hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hata hivyo, mwenye mtaji mdogo asikimbilie kujenga hoteli. Masika ikiingia, vyumba hulala vitupu na mkopo haulali. Afadhali mashua imara yenye majaketi ya kuokolea, chakula cha mchana, na korosho zilizobanguliwa na kufungwa vizuri.

Maji nayo yana ratiba yake. Yakipwa, abiria hushuka kwa kukanyaga tope, hivyo mwongozaji mwerevu husubiri yajae. Saa hizo za kusubiri ndizo za kumpeleka mgeni sokoni, asubuhi, meza zikiwa bado zimejaa.