Kunoa Wembe si Kupoteza Wakati

Siku hizi hapa Lubumbashi twasikia neno moja mara kwa mara, tena vinywani mwa watu wenye akili zao: "Ya nini kuketi na kinoo na wembe wa kukunja wa zamani? Wembe mpya wauzwa rahisi sokoni. Tumia, tupa, nunua mwingine." Anayebaki kunoa huchekwa. Huitwa mtu wa kale, au mvivu anayejificha nyuma ya jiwe. Sisi twalikataa neno hilo, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza tutazame kazi yenyewe, maana wengi wanaoicheka hawajaijaribu. Wembe hulazwa bapa juu ya kinoo kilicholowa maji, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja. Husukumwa makali yakitangulia, kisha hupinduliwa juu ya mgongo wake na kurudishwa, ili kila upande upate sehemu yake sawasawa. Mwanzoni jiwe hukwaruza kwa sauti. Makali yakikaribia kutimia, sauti hupungua, na wembe huwa kama umenata juu ya jiwe. Hapo mkono sharti uwe mwepesi. Anayekandamiza huharibu yote aliyokwisha kutenda. Mwisho wembe hupitishwa juu ya ukanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia, kwa kuwa makali yakitangulia yataukata ukanda.

Je, mtu hupata nini katika kazi hii? Hupata wembe mkali, kwani kinolewacho hupata. Lakini hupata na jambo jingine. Mikono ikishughulika, na masikio yakilisikiliza jiwe, moyo hutulia. Hasira ya jana haina nafasi, maana mkono wenye hasira hukandamiza. Sala fupi huingia yenyewe kati ya mwendo mmoja na mwingine. Furaha hiyo ni halali, wala hailipiwi hata faranga moja.

Wengine watasema: "Wakati hautoshi." Si kweli. Kinoo chenyewe hutumika mara chache tu kwa mwaka. Kila siku ni ukanda wa ngozi, dakika moja au mbili. Mhubiri katika Maandiko Matakatifu alikwisha kutuonya kwamba mwenye chuma butu asiyekinoa hulazimika kutumia nguvu zaidi. Ni nani basi apotezaye wakati?

Wengine watasema: "Wembe wa namna hiyo huleta magonjwa." Hapa wana haki kwa sehemu, na hatutaki kumdanganya mtu. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini hupita katika damu. Kwa hiyo kinyozi anayenyoa watu wengi ni lazima atumie wembe mpya kwa kila mtu. Wembe tunaoutetea sisi ni wa mtu mmoja, kwa kidevu chake mwenyewe, nyumbani mwake.

Wembe wa kutupa una historia yake. Mmarekani King C. Gillette alianza kuuuza mwaka 1903, na mwaka huo waliununua watu wachache mno: mashine za kunyolea 51 tu. Mwaka uliofuata zikauzwa zaidi ya 90,000. Ulikuwa werevu wa biashara, nasi hatuulaumu. Twalaumu mazoea yaliyofuata: kudhani kwamba kila kitu kikipungua makali, dawa yake ni jalala. Papa Fransisko aliyakemea mazoea hayo ya kutupatupa katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015.

Nasi watu wa Katanga tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, wazee wetu waliyeyusha shaba kwa tanuru na mivukuto, wakaimimina kuwa misalaba iliyosafiri mbali kwa biashara. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka katika nchi yetu, na sehemu kubwa huondoka kabla haijawa kitu cha kutumika. Twachimba kwa jasho, twauza, twanunua vilivyotengenezwa kwingine, twatupa. Hatusemi kinoo kimoja kitaponya jambo hilo. Twasema kwamba kijana asiyejua kukitunza chombo alicho nacho hatajua kukitengeneza asicho nacho.

Tazameni Ubelgiji. Karibu na Vielsalm, katika milima ya Ardennes, wachimbaji waliingia chini ya ardhi kama wetu, wakatoa jiwe la rangi ya manjano lenye chembe ndogo mno za garneti. Hawakudharau kulikata vipande na kulilainisha, na vinyozi wa nchi nyingi wakalitafuta.

Wamisionari nao walijua thamani ya chombo. Sheria ya Mt. Benedikto yamwagiza mtunza mali wa monasteri avitazame vyombo vyote kama vyombo vitakatifu vya altare. Masalesiani walifika Elisabethville mwaka 1911, na shule ya ufundi ilikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza. Anayejifunza useremala hupewa patasi, kisha hufundishwa kuinoa. Asiyejua kuinoa bado si fundi.

Basi, akina baba, mithali yasema mtoto akililia wembe, mpe. Sisi twasema: kwanza aketi kando, akuone ukiunoa. Ajifunze kwamba haraka haina nguvu juu ya chuma. Nanyi vijana, msione haya kuketi na jiwe na maji. Tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mt. Yosefu Mfanyakazi ambayo Papa Pius XII aliiweka mwaka 1955, kila mmoja na akitazame chombo chake cha kazi, msumeno, jembe, kisu au wembe, na kama ni butu, asikitupe. Akinoe.